Nilisubiri Mlima, Nikapoteza Picha ya Mlango

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru, mpiga picha mwenzangu, aliniandikia: "Habari kaka. Nimepata harusi yangu ya kwanza ya hoteli, mwezi wa Agosti, Outspan kule Nyeri. Nibebe lenzi gani?" Nilianza kumjibu papo hapo. Nikaandika lenzi tatu, nikazifuta. Swali hilo nililibeba mimi mwenyewe Agosti 2016 nikielekea hoteli hiyo hiyo, na lenzi zote nilikuwa nazo. Niliharibu kazi nikiwa nazo mkobani.

Kwa ambao hamjafika, Outspan ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Eric Sherbrooke Walker na mkewe Bettie, wale wale waliofungua Treetops mwaka 1932, nyumba ya juu ya mti alikokuwa Elizabeth wa Uingereza ule usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki na yeye akawa malkia. Outspan yenyewe ni hoteli ya shamba ya zamani: meko za kuni, mbao nyeusi, veranda, na nyasi pana zinazotazama bonde la mto Chania na, mawingu yakiruhusu, Mlima Kenya. Ndani ya uwanja huo huo kuna nyumba ndogo inayoitwa Paxtu. Humo aliishi Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, tangu 1938 hadi alipofariki Januari 8, 1941. Nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill, hivyo hii ya Nyeri akaihesabu kuwa Pax ya pili, kwa Kiingereza "Pax two". Maskauti kutoka nchi nyingi hufika pale na kuacha skafu na beji zao. Amezikwa hapo hapo mjini, kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's, na kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo skauti yeyote anaijua: nimekwenda nyumbani.

Bwana harusi wangu wa 2016 alikuwa skauti tangu shule ya msingi. Tulikutana mara moja tu kabla ya harusi, Nairobi, kwa chai, na katika nusu saa hiyo alitaja Paxtu mara mbili. Nilifungua daftari nikaandika: "nyumba ndogo, kama muda upo." Daftari hilo ninalo hadi leo. Juu ya mstari huo, kwa herufi kubwa, niliandika MLIMA, nikapiga mistari miwili chini yake. Picha niliyoitaka ilikuwa tayari kichwani: maharusi katikati ya nyasi, nyuma yao Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, na theluji yake, mita 5,199, anga la buluu. Nikawaahidi. Nikawaambia wazazi wa bi harusi kwa mdomo wangu, "Mlima mtaupata."

Asubuhi ilikwenda kama asubuhi za harusi za kwetu zinavyokwenda. Lango la kwao bi harusi lilifungwa, shangazi wakaimba, upande wa bwana harusi wakatoa walichokuwa nacho, wakaambiwa hakitoshi, wakatoa tena. Kanisani tulifika tukiwa tumechelewa, na hotelini badala ya saa 8 mchana tuliingia saa 11 kasoro dakika 20. Ilikuwa gathano, ile baridi ya Nyeri ya Julai na Agosti yenye manyunyu yasiyolowesha wala kukauka. Anga lilikuwa na rangi ya majivu toka ukingo hadi ukingo. Upande wa mlima hapakuwa na mlima.

Nikawasimamisha kwenye nyasi. Nikasema tusubiri kidogo, linafunguka.

Mzee mmoja mtunza bustani alikuwa anakusanya majani karibu nasi. Akasimama, akaegemea reki yake, akaniambia kwa upole: "Kijana wangu, mwezi huu mlima huonekana alfajiri, na si kila alfajiri. Saa nne ikifika umeshajifunika." Sikumjibu vizuri. Nilimwambia asogee, ananiingilia kwenye picha.

Tulisubiri dakika hamsini. Visigino vya bi harusi vilizama kwenye udongo, akawa anavitoa kimoja baada ya kingine akishikilia bega la mpambe wake. Ukingo wa gauni ulinyonya maji ya nyasi ukawa rangi ya chai, kisha rangi hiyo ikapanda taratibu, kidole kimoja, vidole viwili. Niliiona, kwa sababu nilikuwa nikimtazama kupitia lenzi. Bwana harusi akanijia akaniambia polepole, ili watu wasisikie: "Twende pale Paxtu, dakika tano tu, nisimame mlangoni." Alikuwa na skafu yake ya skauti mfukoni mwa koti, imekunjwa vizuri, akanionyesha pembe yake. Nikamwambia, "Tukiondoka sasa utafunguka tukiwa hatupo."

Huku kwetu karibu na Ikweta jioni haina subira. Jua likizama, giza hufuata ndani ya kama dakika ishirini. Na Nyeri jua huzamia nyuma ya safu ya milima ya Nyandarua, kwa hiyo mwanga hukatika hata kabla ya muda ulioandikwa kwenye simu yako. Kufikia saa 12 na nusu nilikuwa na watu wawili wenye baridi mbele ya ukungu. Mshereheshaji akaita kwa kipaza sauti, wageni wana njaa. Tukaingia ukumbini, na Paxtu haikutajwa tena.

Baba wa bi harusi alikataa kunimalizia salio, shilingi elfu thelathini. "Mlima uliotuahidi uko wapi?" aliniuliza, mbele ya wasaidizi wangu wawili. Nilikasirika sana, na kwa miaka nilisimulia kisa hiki kama kisa cha salio. Niliwaambia wenzangu kwamba mteja huyo hajui mawingu hayana mkataba. Lakini kilichokaa moyoni si zile elfu thelathini. Ni ujumbe wa bwana harusi wiki tatu baadaye: "Picha tumepokea, ahsante. Mimi nilikwambia nilitaka kusimama wapi." Nikajitolea kurudi naye Nyeri bila malipo. Hakujibu. Mwaka uliofuata nilipita Outspan kwa kazi nyingine, nikaenda Paxtu peke yangu, nikapiga picha ya mlango hauna mtu. Nimeibandika juu ya meza ninayohariria picha, na sijawahi kumwonyesha mteja yeyote.

Sasa, mdogo wangu wa Nakuru, sikiliza.

Nenda siku moja kabla. Lala hata kwenye chumba cha bei nafuu mjini, lakini alfajiri uwe umesimama kwenye zile nyasi. Kutoka Nyeri mlima uko kaskazini mashariki. Asubuhi jua hutokea kuumeni kwake, kwa hiyo utaupata kama kivuli cha buluu chenye ncha zinazong'aa upande mmoja. Jioni, kama mawingu yameondoka, jua la magharibi huupiga usoni, na hiyo ndiyo picha ya kwenye kadi za posta. Mara nyingi hutaipata, hasa Agosti. Desemba baada ya mvua za vuli kuisha, hadi Februari, una nafasi kubwa zaidi.

Nilichofanya mimi tangu hapo ni kuacha kabisa kuuahidi mlima, na kuuomba kwa namna nyingine. Huwauliza maharusi wanaolala hotelini wanipe nusu saa asubuhi ya pili, kabla ya chai. Desemba iliyopita bi harusi mmoja alikubali. Alivaa gauni lake tena, nywele amezifunga kwa kitambaa kwa sababu msusi alishaondoka, na miguuni gambuti za kuazima maana umande ulikuwa mwingi. Saa 12 na dakika 35 mawingu yalikuwa chini bondeni na mlima umesimama mzima, hauna hata uzi wa wingu. Hakuna wapambe, hakuna mshereheshaji, hakuna shangazi wa kusema shingo inue. Mume alikuwa anamfunga kamba za nyuma za gauni, hajui kuzifunga, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwa baridi. Hiyo ndiyo picha iliyochapishwa kubwa sebuleni kwao. Najivunia picha hiyo kuliko zote nilizopiga mwaka huo, na nasema wazi.

Ndani ya nyumba za namna hii ndiko vijana wengi mnakoangukia. Dari ni la mbao nyeusi na liko chini. Ukielekeza flashi juu kama ulivyozoea kumbi za Nairobi zenye dari jeupe, mwanga unarudi umekuwa wa rangi ya machungwa, au haurudi. Balbu za ukutani ni za njano, dirishani kunaingia buluu, na uso wa bi harusi unagawanyika rangi mbili. Zima taa zote za chumba. Omba ruhusa, kisha zima. Tafuta dirisha moja, mweke pembeni yake kama hatua mbili, sogeza viti, na uache chumba kiwe na giza lake. Lenzi ya milimita 35 au 50 inayofunguka hadi 1.8, yaani mdomo mpana unaoingiza mwanga mwingi, na ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, ya 1600 au 3200, inatosha. Pima mwanga kwenye shavu lake. Kamera ukiiachia yenyewe italinda gauni jeupe au itahangaika na mbao nyeusi, na uso hautaupata.

Na ukishampata, usimng'arishe. Hili linaniuma. Naona kazi za wenzetu, bi harusi wa Nyeri mwenye ngozi yake nzuri ya kahawia anatoka kwenye programu ya kuhariria akiwa rangi ya maziwa, mama yake amesimama kando naye kapaushwa vivyo hivyo. Mwanga wa dirisha la zamani uliumba uso ule ukiwa na kina chake chote, halafu wewe unakuja kuufuta kwa kidole. Acha.

Jingine hakuna aliyenifundisha. Hoteli hizi zilijengwa wakati ambapo babu ya bi harusi wako angeingilia mlango wa jikoni. Nyeri si mji wa kuchezea historia. Treetops ilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau vya kupinga ukoloni. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa karibu na hapa Oktoba 1956, akahukumiwa hapa hapa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957. Katika harusi moja, kwenye nyumba nyingine ya kikoloni ambayo sitaitaja, nilimpanga mzee wa miaka themanini na kitu chini ya picha za walowezi na bunduki zao, kwa sababu ukuta ule ulikuwa na rangi nzuri. Akazitazama zile picha, akanitazama mimi, akatoka nje akaketi kwenye ngazi. Nilidhani amechoka. Mwanawe ndiye aliyenieleza kwamba mzee alikaa kizuizini miaka mitatu. Nikaenda nikachuchumaa ngazi ya chini yake, nikamwomba radhi, nikamuuliza angependa tumpigie wapi. Akasema pale pale, mlango ukiwa nyuma yake, umefunguliwa mbawa zote mbili. Wajukuu kumi na mmoja wakamzunguka.

Kwa hiyo usije na picha ya kasri la Uingereza uliyoihifadhi kwenye simu ukataka kuirudia Nyeri. Nimekuwa hivyo na najua utamu wake. Unaona ngazi, meko na kiti cha ngozi, unafikiri kazi ni kuwaweka watu wetu ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Maharusi wamechagua nyumba hiyo kwa sababu yao. Mmoja anaipenda bustani, mwingine mama yake alifanya kazi ya kufua mashuka hapo, mwingine alikuwa skauti. Kama hujui sababu hiyo, hujui unapiga picha ya nini, hata kamera yako iwe ya laki tano.

Mengine ni ya kawaida na unayajua: kadi mbili za kuhifadhi picha ndani ya kamera kwa wakati mmoja, betri uziweke mfuko wa ndani wa koti kwa sababu baridi ya Nyeri huzimaliza upesi, kama una droni uwe na kibali, uulize mapema kama hoteli inatoza ada ya kupiga picha na ni nani anailipa. Kwenye taa za LED za ukumbini zinazochora mistari kwenye picha, shusha kasi ya shata hadi sehemu 1 kwa 100 ya sekunde. Mkataba uandike, na usiandike mlima ndani yake.

Na yule mtunza bustani, au yeyote utakayemkuta na reki asubuhi hiyo, msalimie kwanza. Mwambie shikamoo. Muulize jua linaingilia wapi na ukungu unatokea upande gani. Yule wangu sikumkuta tena niliporudi, niliambiwa amestaafu amekwenda kwao Othaya.

Umebakiwa na wiki kadhaa. Leo jioni wapigie simu maharusi wako, kila mmoja peke yake, si wote pamoja. Uulize kila mmoja ni sehemu gani ya nyumba ile ambayo usipompigia picha hatakusamehe. Jibu lao liandike juu kabisa ya ukurasa, na lisipokuwa mlima, usiandike mlima. Lenzi nitakuandikia kesho.