Ukishika ripoti ya umaskini ya jimbo, uliza kwanza umepimwaje

Kwa miaka sita nilichambua takwimu za umaskini katika jimbo moja la Marekani. Siku nyingine nilikuwa mezani na majedwali, siku nyingine nazunguka na dodoso nyumba kwa nyumba. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza waanzie wapi. Nawaambia wasikimbilie asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Waulize kwanza nani kahesabiwa, na kwa kipimo gani.

Kipimo rasmi cha Marekani kilibuniwa na Mollie Orshansky, mtumishi wa mamlaka ya hifadhi ya jamii, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua gharama ya chakula cha kubana matumizi akaizidisha mara 3, kwa sababu uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia zilitumia karibu theluthi moja ya kipato chao kwa chakula. Serikali ilikipitisha mwaka 1969, na tangu hapo mstari wa umaskini, yaani kipato ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, hupandishwa kufuata mfumuko wa bei tu. Mstari ni uleule Mississippi na California, ingawa kodi za pango la nyumba za huko zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Tena msaada wa chakula hauhesabiwi kama kipato, wala nafuu za kodi ya serikali.

Hapo ndipo pa kushikilia. Kama kipimo hakiuoni msaada, hakiwezi kukwambia kama msaada umefanya kazi. Mwaka 2021 nafuu ya kodi kwa wenye watoto iliongezwa hadi dola 3,600 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6. Ofisi ya Sensa ina kipimo cha nyongeza, kinachotolewa tangu 2011, kinachohesabu misaada, kodi na gharama za makazi. Kwa kipimo hicho umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2. Nyongeza ilipokoma, mwaka 2022 ukaruka hadi asilimia 12.4. Kipimo rasmi kilibaki karibu palepale miaka yote miwili. Mbunge wa jimbo aliyesoma hicho tu angeapa kwamba hakuna kilichotokea, ilhali mamilioni ya watoto walivuka mstari kisha wakarudishwa chini. Mambo kama haya ndiyo yaliyowafanya watafiti wa Wisconsin na California watengeneze vipimo vya majimbo yao wenyewe. Kama jimbo lako linacho, anza na hicho.

Mimi mwenyewe nilikosea vibaya. Niliwahi kusimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo nikataja kaunti moja kuwa miongoni mwa zilizozama zaidi katika umaskini. Mjumbe mmoja akauliza kwa upole kama najua kwamba pale pana chuo kikuu. Wanafunzi wa mabwenini hawaingizwi katika hesabu ya umaskini, lakini waliopanga mitaani wanaingizwa, na kipato chao ni kidogo mno. Kaunti za vijijini zilizohitaji fedha za msaada zilikuwa zimefunikwa na wanafunzi. Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma, maana waliopoteza hawakuwamo ukumbini.

Jambo jingine la haraka: takwimu za Sensa za maeneo yenye watu chini ya 65,000 kwa kawaida ni wastani wa miaka 5. Usizitumie kusifia au kulaumu sera ya mwaka jana.

Baada ya kipimo, chunguza kanuni za jimbo. Tangu sheria ya mwaka 1996, majimbo hupewa fungu lisilobadilika la ruzuku kwa familia maskini, jumla yake takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na yana uhuru mkubwa wa kuamua litumikeje. Uliza ni kiasi gani kinafika mkononi mwa familia kama fedha taslimu. Utashangaa. Na tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 2012 kwamba kupanua Medicaid, bima ya afya ya umma kwa wenye kipato kidogo, ni hiari ya jimbo, umaskini uleule una maana tofauti ukivuka mpaka wa jimbo. Texas na Florida hazijaipanua.

Kisha toka ofisini. Mama mmoja niliyemhoji alikuwa na bahasha kumi na kitu chini ya bakuli la chumvi, zote kutoka ofisi ya msaada. Moja ilimtaka athibitishe upya kipato chake ndani ya siku chache, lakini ilitumwa kwenye anwani aliyohama. Ilipomfikia, msaada wa chakula ulikuwa umeshakatwa. Aliniuliza kama jina lake bado limo kwenye hesabu zetu. Lilikuwamo, na kwenye jedwali langu alionekana kama mtu aliyekoma kuhitaji.

Mwaka uliofuata niliongeza swali moja kwenye dodoso: barua ya mwisho kutoka ofisi ya msaada ilikufikia lini, na zilikuwa zimebaki siku ngapi za kuijibu?