Nimpe kiasi gani ili alale?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mwanangu ana miaka 3. Kila jioni hujigaragaza chini, huuma wenziwe na hulia mpaka sauti inamkauka. Bibi yake keshamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Jirani kanambia nimpe dawa ya mafua kidogo alale. Nimpe kiasi gani? – Mama, Wete.

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Usimpe hata tone. Kombe sina ugomvi nalo, ugomvi wangu ni na hiyo chupa. Naletewa watoto walionyweshwa klofeniramini, dawa iliyomo katika dawa nyingi za mafua, kwa sababu tu ni "wakorofi". Dawa hiyo huleta usingizi, kweli, lakini watoto wengine huwazidishia mapepe, na ikizidi kipimo huleta degedege. Tena hata akilala, kesho jioni utamkuta vilevile.

Umeandika "kila jioni", na mimi naanzia hapo. Mtoto wa umri huo anahitaji saa 10 mpaka 13 za usingizi, wa mchana umo humo. Aliyeamka alfajiri na mchana hakulala, ikifika saa 11 jioni hana subira iliyobaki, na chakula kinangoja mpaka baada ya Isha! Mpe ndizi au uji mapema, kabla hajaanza kulia. Ukitaka kumtoa mchezoni, mwambie kabla: "Ukirusha mpira mara mbili tunakwenda kukoga." Mwachie uchaguzi mdogo, kanzu hii au ile. Akitulia, msifu papo hapo kwa alichofanya. Akiuma, mzuie, mwambie "hatuumi", kisha mgeukie aliyeumwa. Akijitupa, angalia asijiumize, basi. Ukimpa simu ili anyamaze, kesho atalia zaidi, kwa sababu kilio kimeshamletea simu.

Wauza dawa wanaomimina dawa ya maji bila kuuliza umri wala uzito wa mtoto, na nyinyi mnaowatisha watoto kwa popobawa au "daktari atakudunga sindano", mnanipa kazi mara mbili. Mtoto wa vitisho hivyo akija na homa kali, hakubali hata kufungua kinywa, na mama yake ananiangalia mimi kama nimemkosea.

Wewe mlete mwanao ikiwa akilia huzuia pumzi mpaka midomo inakuwa ya buluu, tumpime damu, maana upungufu wa madini ya chuma huchangia hali hiyo. Na kama mpaka leo haunganishi maneno mawili, apimwe masikio kabla hajaitwa mkaidi.