Misemo ya Beatles ambayo kamusi haina

Mkuu, umeuliza kwa nini "a hard day's night" na "eight days a week", misemo ya nyimbo za Beatles, ile bendi ya Uingereza, huzioni kwenye kamusi ya nahau, na kama shida ni Kiingereza chako. Kiingereza chako hakina shida. Misemo hiyo ni misemo ya kawaida iliyopindwa, na hata Mwingereza aliyeisikia mara ya kwanza ilibidi atege sikio vizuri.

Nafundisha Kiingereza sekondari, na wanafunzi huniletea mistari ya namna hii kila mara. Nawaambia wasikimbilie kutafsiri. Watafute kwanza msemo wa kawaida uliopindwa. Waingereza husema "a hard day's work", yaani kazi ya kutwa iliyokutoa jasho. Hapo "work" imeng'olewa, ikapachikwa "night". Ukishaliona neno lililong'olewa, maana inajileta: usiku wa mtu aliyechoshwa na kazi ya kutwa. Kisha endelea kusikiliza, maana papo hapo mwimbaji anasema amefanya kazi kama mbwa. Hiyo sasa ni nahau halisi na kamusi inayo. Sisi tungesema kama punda. Kwa hiyo wimbo wenyewe unakupa ufafanuzi, ila wengi hukwama kwenye mstari wa kwanza wasifike huko.

Aliyeutamka msemo huo ni Ringo Starr, mpiga ngoma wao. Walifanya kazi mchana kutwa hadi usiku, naye akatoka akidhani bado ni mchana. Akaanza kusema siku imekuwa ngumu, akaona giza, akamalizia kwa "night". Mwaka 1964 msemo huo ukawa jina la filamu yao na la wimbo. Ringo aliugua sana utotoni, shule akaikosa kwa vipindi virefu, lakini kwa ladha ya misemo mimi namweka juu ya wenzake wote.

"Eight days a week" inafuata njia ileile. Watu husema "seven days a week", yaani bila kupumzika. Mwimbaji huyu mapenzi yamemzidi, wiki haimtoshi. Jina la wimbo "Tomorrow Never Knows" wa 1966 nalo limetoka kwa Ringo, limepindwa kutoka methali "tomorrow never comes". Jina hilo halitajwi popote ndani ya wimbo, kwa hiyo usikeshe ukilitafuta.

Mingine inataka sikio tu. Albamu ya Rubber Soul ya 1965: "soul" ni roho, pia ni aina ya muziki, lakini hutamkwa sawa kabisa na "sole", soli ya kiatu. Tamka kwa sauti, utaisikia soli ya mpira.

Ila "I Am the Walrus" ya 1967 usiihangaikie. John Lennon, mwimbaji na mtunzi wao, alipata habari kwamba kwenye shule aliyosoma, mwalimu anawachambulisha wanafunzi nyimbo za Beatles. Akaweka humo maneno ya kuwachanganya wachambuzi makusudi. Huo sikiliza tu, mkuu, na kama kuna mistari mingine inayokusumbua iweke hapa tuipindue pamoja.