Afisa mikopo mpya, usikimbilie kuandika "mteja anatumia ovyo"

Vijana wangu, kamati ya mikopo imerudisha tena mafaili yenye kasoro ileile. Mauzo mazuri, faida kwenye karatasi ipo, lakini kila mwisho wa mwezi akaunti imekauka. Mchambuzi anaandika "mmiliki anatumia fedha ovyo", anafunga faili. Maneno hayo yananikera, kwa sababu mara nyingi si kweli, na anayeumia ni mtu aliyestahili mkopo.

1. Uliza fedha zinapotelea wapi. Kitu kidogo hakina risiti. Mfanyabiashara anayekamuliwa ili leseni itoke au mzigo uachiwe atakificha kwenye "mengineyo", au atapunguza mauzo aliyoandika ili hesabu zikubali. Wengine huacha kabisa kupitisha fedha benki, au hukataa kupanua biashara wasije wakaonekana. Halafu sisi tunamwambia hana mzunguko wa akaunti! Watafiti Fisman na Svensson walipochunguza kampuni za Uganda miaka ya 1990, waliona kwamba kiwango cha rushwa kikipanda kwa pointi 1 ya asilimia, ukuaji wa kampuni unashuka kwa pointi 3, karibu mara tatu ya athari ya kodi. Kodi angalau unaijua mapema, unaipangia.

2. Usipokee "asante" ya mteja. Nilimfundisha kijana hodari sana wa hesabu. Akaanza kukata asilimia 10 kwa kila mkopo anaoupitisha. Pigeni hesabu: mteja amesaini 100 kwa riba ya 20 kwa mwaka, mkononi amepata 90, lakini atarejesha 120. Riba ya asilimia 20 imeshakuwa asilimia 33 (30 juu ya 90), na mpango wa biashara ulihitaji 100 kamili. Mteja mmoja akaanza kuchelewesha marejesho. Kijana hakuweza kumbana, kwa kuwa alishakula kwake. Akampangia upya mkopo, na kwenye ripoti za ukaguzi akaandika mzigo upo. Nilipokwenda mwenyewe, rafu za mbele zilikuwa zimepangwa vizuri. Nikashika boksi moja, jepesi. La pili hivyohivyo. Yote matupu. Mama mwenye duka akaniambia kwa upole, "Mimi nilidhani ile ndiyo ada yenu." Kijana alifukuzwa, mkopo ukawa chechefu, yaani haulipiki tena, na dhamana ya yule mama ikauzwa. Nilirudia uchambuzi wake tangu mwanzo: angepewa 100 yake yote, marejesho yangetoka bila shida. Jambo hilo bado linaniuma.

3. Msomee mteja ada zote, zikiwa kwa maandishi, kabla hajasaini. Zote.

4. Hati ya dhamana kaihakiki mwenyewe masijala, na mthamini asiletwe na mteja.

5. Ukigundua mteja anakamuliwa, usimhubirie. Yaingize malipo hayo kwenye mtiririko wa fedha kama gharama, kisha pima upya kiasi anachoweza kurejesha. Anayenunua zabuni ni suala jingine. Mauzo yake yanasimama juu ya mtu mmoja ofisini; mtu huyo akihamishwa, mauzo yanahama naye. Faili la namna hiyo lilete kwangu kabla hujamwahidi mteja chochote.