Gereji ya Wasomaji: Kuivalisha Harrier uso wa Lexus

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Harrier ya 2005, injini 2AZ, imetoka Japani. Nataka kuivalisha uso wa Lexus RX hapa hapa nyumbani, kwa mkono wangu. Kaka yangu aliyeko Muscat amepata seti nzima ya gari lililogongwa nyuma: bampa, shoo (grili ya mbele) na taa mbili. Je, zitaingia? Nianzie wapi?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Zitaingia, na ndiyo maana wengi wanakosea. Harrier ya kizazi chako, kilichoanza 2003, ni Lexus RX yenye jina la Toyota. Japani haikuwa na maduka ya Lexus hadi Agosti 2005, kwa hiyo gari lile lile liliuzwa kule kama Harrier na nje likaitwa RX 300, 330 au 350. Boneti na fenda zako ziache zilivyo. Bampa na shoo mwambie kaka atume. Taa asitume.

Oman wanaendesha upande wa kulia wa barabara, sisi kushoto, na mwanga wa dimu (taa za chini, zisizo fuli) hutengenezwa kufuata hilo. Upande linakotokea gari linalokuja, mwanga hukatwa chini. Upande wa ukingo wa barabara hupandishwa kwa mshazari, kiasi cha nyuzi 15, ili dereva awaone waenda kwa miguu. Taa ya Muscat inapandisha upande wa kulia. Ukiwa Barabara ya Morogoro usiku, kulia ndiko linakotokea basi la mkoani: unamchoma dereva wake machoni, na wewe mwenyewe huioni baiskeli isiyo na taa iliyo kushoto kwako.

Mafundi wengi hukaza skrubu ya kurekebishia wakaiinamisha taa. Hiyo inashusha mwanga wote, unabaki unaona mita chache tu mbele ya gari, na umbo la mwanga halijabadilika. Kuzungusha balbu haiwezekani, maana kitako chake kinakaa kwa pembe moja tu. Tepu nyeusi juu ya kioo ni ya mtalii anayevuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa kwa wiki moja, tena inakula mwanga.

Ukiwa dukani, simama mbele ya taa usome maandishi ya kwenye kioo chake. Taa za viwango vya Ulaya zina herufi E ndani ya duara. Ukiona mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya nchi zinazoendesha kushoto, inakufaa. Isipokuwa na mshale wowote, ni ya wanaoendesha kulia. Mshale wenye ncha mbili hutumika kote. Ukikuta herufi DOT, taa hiyo ni ya soko la Marekani, iache.

Baki na taa zako. Zikiwa zimefifia, zisugue kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, malizia na polishi na kliya (rangi angavu ya juu) ya kuzuia jua; usipopaka kliya zitarudi kuwa za njano. Ukitaka lazima taa za Lexus, tafuta za RX ya Uingereza, kwa sababu nao wanaendesha kushoto. Kabla ya kulipa hakikisha kama zako ni za halojeni au za xenoni. Mfumo wa xenoni una kifaa kinachowasha balbu kwa zaidi ya volti 20,000, na soketi zake haziingiliani na za halojeni.

Kwenye kazi yenyewe, kwanza toa waya hasi wa betri usubiri angalau sekunde 90 umeme wa eabegi uishe. Soketi za njano usizichezee. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za fenda pale zinapokutana na bampa, kwa sababu hapo ndipo rangi huchubuka. Pindua usukani, fungua klipu na skrubu ndani ya tao la tairi, halafu bolti za chini (nyingi ni spana namba 10), halafu klipu za juu karibu na rejeta. Klipu ya plastiki hutolewa kwa kuinua kitovu chake kwanza. Ukiikwanyua yote kwa bisibisi inavunjika. Nunua 20 za akiba kabla hujaanza.

Bampa hutolewa na watu wawili. Kila mmoja avute kona yake kwenda nje mpaka ichomoke kwenye reli ya fenda, kisha mvute mbele pamoja, taratibu, kwa kuwa soketi za taa za ukungu bado zimeshika. Nyuma ya bampa utakuta boriti ya chuma. Usiibadilishe wala usiikate ili bampa likae vizuri. Bampa ni sura tu. Pigo la ajali hupokelewa na boriti hiyo, na vihisi vya eabegi vya mbele vilipangwa kulingana nayo.

Jaribu kila kitu kabla ya kupaka rangi. Weka bampa na shoo kwa bolti chache zilizolegea, funga boneti, tazama nafasi. Ukishapaka kisha ukagundua sikio moja la kufungia halifiki, utalipinda, na rangi mpya itapasuka. Namba ya rangi ipo kwenye kibati cha gari mbele ya herufi C/TR. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi. Nyeupe ya lulu hupakwa hatua tatu: msingi, lulu, kliya. Idadi ya mikono ya lulu ikizidi au ikipungua, bampa litaonekana tofauti na fenda hata kama namba ni sahihi, kwa hiyo mdai fundi kipande cha majaribio akiweke juani kando ya gari.

Kadi ya gari itaendelea kusema Toyota Harrier. Siku ya kuuza mwambie mnunuzi hivyo, na leo iandikie kampuni ya bima.

SWALI: Niko Bujumbura. Harrier yangu ina usukani wa kulia kama zilivyo nyingi hapa, na madereva wengine wananiwashia fuli kila usiku ingawa nimeweka dimu. Fundi anasema balbu ni kali mno.
*Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Balbu huenda haina kosa. Usukani hauamui aina ya taa. Kinachoamua ni upande wa barabara. Burundi mnaendesha kulia na gari lako lina taa za Japani zinazopandisha mwanga kushoto, moja kwa moja kwa anayekuja. Wewe ndiye unayestahili zile taa za Muscat.

Ukishazifunga, zipime. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, sehemu tambarare, matairi yakiwa na upepo sahihi na dereva ameketi. Chora mstari ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Mstari wa kukatika kwa mwanga wa dimu uwe sentimita 5 chini ya huo, na kwenu upande wa kulia ndio unaopanda. Funika taa moja kwa kitambaa unapopima nyingine, usiache kitambaa muda mrefu juu ya taa inayowaka.

SWALI: Nimenunua bampa la Kichina la RX. Upande wa kushoto umebana, wa kulia unaingiza kidole. Boneti nayo sasa ni ngumu kufunga, na indiketa zinakimbia (zinapepesa haraka mno).
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

JIBU: Umeanzia mbele, na kipimo cha mwili wa gari huanzia mlangoni. Legeza vyote. Linganisha fenda na mlango, kisha boneti na fenda mpaka uwazi uwe milimita 4 hivi kila upande, kisha taa, na bampa liwe la mwisho. Plastiki ya bei rahisi ikiwa bado inapinda, ipashe moto kwa hitigani (kipulizia hewa moto) upande wa ndani, iinamishe, ishikilie mpaka ipoe.

Suala la boneti usilichelewe. Iachie ianguke kutoka sentimita 25: ndoano ya kwanza na ya pili zote zikamate. Ikikamata ya kwanza tu, kitasa kimesukumwa nyuma na bampa. Boneti inayofunguka kwa kasi ya kilomita 80 hupiga kioo cha mbele na kukuziba macho. Usilitembeze gari hadi hapo pawe sawa.

Indiketa kukimbia kuna maana saketi inavuta umeme mdogo kuliko inavyotarajia. Ama balbu moja haijashika vizuri waya wake wa ethi, ama umeweka LED mahali pa balbu ya wati 21.

SWALI: Mimi nina Acura Integra ya 1998, na nimeona nozikati (uso mzima wa mbele uliokatwa) ya Honda Integra ya Japani inauzwa. Naweza kuifunga gereji ya nyumbani?
*Msomaji, Pittsburgh, Marekani*

JIBU: Hii si kazi ya bolti peke yake kama Harrier. Acura ina macho manne ya duara. Integra ya Japani tangu 1995 ina taa ndefu bapa. Utahitaji boneti, fenda mbili, taa, bampa, boriti yake na fremu inayobeba rejeta, ambayo imechomelewa mwilini. Kama hujui kuchomelea, mpe fundi bodi sehemu hiyo, nyingine fanya mwenyewe.

Kabla ya kukata, pima mishazari miwili kutoka bolti hadi bolti na uandike. Fremu mpya irudi kwenye vipimo hivyo hivyo, tofauti isizidi milimita 3. Toboa doti za kiwandani (vidoti vya kuchomelea vinavyoshika mabati) kwa keekee ya kukatia doti ya milimita 8, kata bati la juu tu. Paka praima ya zinki kwenye mshono kabla ya kuchomelea, maana chumvi ya barabarani ya majira ya baridi itauingia. Mfumo wa AC usiufungue: ninginiza kondensa (rejeta ya AC) kwa waya. Kuachia gesi hiyo hewani ni kosa kisheria huko.

Waya usifuate rangi, fuata testa. Mfumo wa Marekani kwa kawaida huweka indiketa na taa ndogo kwenye balbu moja yenye nyuzi mbili, wa Japani huzitenganisha.

Tatizo lako la taa ni lile la Bujumbura: za Japani zitamwasha anayekuja, na hazina alama ya DOT. Pia sheria ya Marekani inadai taa na viakisi vya rangi ya chungwa kwenye ubavu wa mbele, ambavyo pua za Japani kwa kawaida hazina. Jimboni kwako gari hukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo ongea na kituo cha ukaguzi kabla ya kununua nozikati, na uso wa zamani usiuuze mpaka gari lipite.