Maswali ya ubao: geuka uangalie mstari wako

Nusu ya barua za mwezi huu zinauliza ninunue ubao gani wa snoubodi, ule wa kutelezea theluji mtu akisimama kiubavu. Hizo nimeziweka pembeni. Zilizobaki ni hizi.

*Shikamoo mzee. Huu ni msimu wangu wa tatu kwenye snoubodi. Nikikata kona kwa upande wa kisigino, ubao unatetemeka mpaka meno yanagongana, halafu unaniponyoka. Je, unahitajika ubao mgumu zaidi? (Msomaji, Calgary)*

Marahaba. Rudisha pochi mfukoni. Wewe unakaa kama mtu asiyekiamini kiti alichokaribishwa: makalio nyuma kabisa, magoti yamekakamaa, kifua kimelala mbele. Uzito umetoka nje ya ubao, kwa hiyo makali, vile vyuma vya pembeni mwa ubao, yanauma theluji, yanaachia, yanauma tena. Huko ndiko kutetemeka.

Kunja magoti na vifundo vya miguu. Inua kifua, sogeza makalio ndani yakae karibu na juu ya makali, kisha vuta vidole vya miguu juu ndani ya kiatu. Bega la mbele lifungue kuelekea unakokwenda, maana watu wengi upande wa kisigino huangalia ncha ya ubao kana kwamba itawasimulia kitu. Angalia pia ule mgongo wa kifungio (kinachoshika kiatu kwenye ubao) unaoegemea shavu la mguu: ukiulaza mbele kidogo, makali yanaitika mapema.

Halafu tafuta mteremko mpole, uvuke kutoka ukingo hadi ukingo kwa makali ya upande mmoja tu, bila kukata kona. Simama. Geuka uangalie ulikotoka. Ukikuta mstari mwembamba kama wa kalamu, umechonga. Ukikuta kama ufagio umepita, umeburuza. Theluji haina adabu ya kukudanganya, na zoezi hili halina gharama, ndiyo maana hakuna anayelifanya.

*Nimefunga miguu kibata, vidole vikitazama nje, digrii 15 mbele na 15 nyuma. Nitaweza kuchonga? (Munich)*

Utaweza. Ila kama hutaki kuruka wala kuteleza kinyumenyume, elekeza miguu yote mbele: jaribu digrii 27 mguu wa mbele na 9 wa nyuma, ukibadilisha kidogo kidogo mpaka magoti yakubali. Washindani wa mbio za snoubodi wenye viatu vigumu huenda mbali zaidi ya hapo. Na usifikiri kuna siri ya ubao peke yake: mwaka 2018 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini, Ester Ledecká wa Ucheki alishinda dhahabu ya super-G, mbio za kushuka mlima, kwa ski (vibao viwili, kila mguu chake), na wiki moja baadaye akashinda nyingine kwa snoubodi. Aliyejua kulaza makali kwa ski alijua kuyalaza kwa ubao.

*Nikilala sana upande wa vidole naanguka ghafla, kama nimevutwa mguu. Navaa namba 46. (Toronto)*

Hakuna jini. Ni kiatu chako kinachogusa theluji na kuyanyanyua makali. Kwa mguu huo, ubao wenye kiuno (upana wa katikati) cha milimita 250 ni mwembamba mno. Hapa ndipo nakuruhusu kununua: chukua ubao mpana, na hakikisha kiatu kimekaa katikati, kisichungulie upande mmoja kuliko mwingine.

*Ubao wangu haushiki barafu. Huku kwetu Minnesota kila kitu ni barafu. (Burnsville)*

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, na kila mara nauliza: umenoa lini? Kimya. Mtu huyohuyo hawezi kukatia nyama ya nyama choma kwa kisu butu, lakini anashukia barafu na vyuma vyenye kutu.

Pitisha ukucha kwenye makali. Kama hayakwangui unga wa ukucha, ni butu. Nilikodi ubao dukani msimu mmoja, nikapima hivyo, nikaurudisha kabla sijatoka mlangoni. Nunua tupa na kishikio chake cha kupima pembe, noa ubavu kwa digrii 89 au 88, ukivuta kuelekea upande mmoja, kisha lainisha kwa jiwe la almasi. Punguza ukali kidogo kwenye ncha mbili zinapoanza kujikunja, usije ukanaswa. Ukirudi nyumbani ufute ubao ukauke. Kuuacha ndani ya mfuko wenye maji ni kufuga kutu.

Na barafuni tuliza mwili. Ukiyakanyaga makali kwa ghafla yatachomoka hata yawe wembe.

*Lazima kofia ngumu? (Oslo)*

Ndiyo. Na vikinga vya viganja, kwa sababu mwanafunzi wa snoubodi huanguka kwa mikono.

*Nataka kulala mpaka mkono uguse theluji, kama kwenye video. (Denver)*

Ukiinama kiunoni kuutafuta mkono, ubao unabaki umesimama na makali yanaachia. Laza ubao kwa magoti na vifundo. Ubao wa kawaida umekatwa ubavuni kama kipande cha duara la mita 7 hadi 9, na kadiri unavyoulaza ndivyo kona inavyobana. Siku mwendo na pembe vikitosha, theluji itaufuata mkono yenyewe.

Hukuniuliza hili, lakini nakwambia: kona iliyochongwa vizuri inakuvusha mteremko mzima, na nyingine inakurudisha juu. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la ski na snoubodi, zinamtaka anayetoka nyuma amwepuke aliye mbele, na zinamtaka pia anayepanda mteremko aangalie juu na chini. Wapiga video wanaisahau hiyo ya pili.

*Ninunue ubao gani? (wasomaji kumi na mmoja)*

Mmenoa mlio nao?