Taa moja haimtoshi mjusi mwenye ndevu
Ndugu, umeuliza kama taa moja ya joto inamtosha mjusi wako mwenye ndevu, na kama ile nyekundu iwake usiku kucha. Taa ya joto pekee haitoshi, kwa kuwa mjusi huyu, ambaye asili yake ni maeneo makavu ya Australia, huhitaji pia mionzi ya urujuanimno aina ya UVB ili mwili wake utengeneze vitamini D3, ambayo ikikosekana kalsiamu haifyonzwi ipasavyo na mifupa hulainika na kupinda. Kwa mionzi hiyo ya UVB, chagua taa ndefu ya mrija, wala usiiweke nyuma ya kioo, maana kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote hiyo. Tena uibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwani mionzi hufifia kabla ya mwanga. Mahali pa kuotea joto pafikie nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba chake ubaki kwenye 25 hivi. Pima kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Usiku zima taa zote, hata hiyo nyekundu, kwa sababu humvurugia usingizi.